Mizani Ikinyamaza, Usikimbilie Kusema Bodi Imeungua

Leo siongelei mbolea wala viuatilifu. Naongelea kosa langu mwenyewe, nililolifanya kwenye ghala la chama cha msingi msimu wa korosho uliopita.

Nilikwenda pale kukagua ukaushaji. Nikakuta foleni ndefu, magunia yamepangwa hadi nje, na watu wamekasirika. Mizani ya kidijitali ilikuwa inaonyesha kilo vizuri kwenye kioo chake, lakini kompyuta ya karani haikupokea kitu. Bila namba kufika kwenye kompyuta, stakabadhi haichapwi. Karani alitaka kuandika kwa mkono. Wakulima wakakataa katakata, maana wanakumbuka ugomvi wa kilo zilizoandikwa kwa kalamu.

Mwenyekiti akaniuliza, "Bwana shamba, wewe msomi, hii ina nini?" Nami, bila kugusa kitu, nikajibu, "Bodi ya ndani imeungua hiyo."

Neno langu likasambaa foleni nzima. Mama mmoja mjane akaanza kumwita kijana wa bodaboda ampakilie magunia yake mawili ayapeleke kwa wanunuzi wa kangomba. Ada ya shule ilikuwa inamsubiri. Mwenyekiti naye akatafuta bisibisi afungue kisanduku cha mizani. Hapo ndipo nilipoona lakiri ya Wakala wa Vipimo. Ukiivunja, mizani hairuhusiwi kupimia mazao ya watu mpaka ihakikiwe upya. Nikasema, "Subirini kwanza. Mama, nipe saa moja tu."

Nikampigia kijana mmoja wa mjini anayetengeneza kompyuta. Akanieleza jambo ambalo nawaomba mlishike. Chini ya sahani ya mizani kuna vihisi. Mzigo ukikaa, vinapinda kidogo sana na kutoa umeme mdogo, milivolti chache tu. Bodi iliyo ndani ya kisanduku inaukuza umeme huo, inausafisha na kuugeuza kuwa namba. Kisha namba inakwenda njia mbili: kwenye kioo, na kwenye waya wa kompyuta. Akaniuliza, "Kioo kinasoma?" Nikamwambia kinasoma. "Basi vihisi vinafanya kazi, na bodi inahesabu. Anza kutafuta kwenye waya kabla hujailaumu bodi."

Nikamuuliza karani ni kitu gani kimebadilika tangu jana. Kumbe usiku panya walikata waya, na asubuhi amenunua mwingine unaofanana nao. Kichwa cha waya huo kina pini 9. Pini namba 2 na 3 ndizo za kusema na kusikia, na namba 5 ni ya pamoja.

Tukazima vyote, tukauchomoa waya upande wa mizani, tukaziunganisha pini 2 na 3 kwa kipande cha waya mwembamba. Tukawasha kompyuta na kuandika herufi kwenye programu ya majaribio. Herufi zikarudi kwenye skrini. Maana yake kompyuta nzima, na waya haujakatika.

Basi tatizo nini? Waya wa zamani ulikuwa wa kupishana: pini 2 ya huku inakwenda pini 3 ya kule. Huu mpya ulikuwa wa moja kwa moja. Mizani inasemea pale pale ambapo kompyuta nayo inasemea, kwa hiyo hakuna anayesikia. Fundi redio wa kijijini akafungua kichwa kimoja cha waya, akabadilishana nyuzi hizo mbili kwa risasi.

Tukawasha tena. Safari hii zikaja alama za ajabu ajabu zisizosomeka. Watu wakaguna. Mimi nikafurahi, kwa sababu sasa sauti inafika, ila haieleweki. Karani akakiri kwamba katika kuhangaika asubuhi alibadilisha kasi ya mawasiliano kwenye kompyuta ikawa 2400, na mizani ile inatuma kwa 9600. Tukairudisha 9600. Namba zikasomeka.

Hatukupima mzigo wa mtu kabla ya kuweka jiwe la kilo 20. Kioo kikasema 20, karatasi ikasema 20. Mama yule akapimiwa wa kwanza. Alipopokea stakabadhi yake akaniambia, "Mwanangu, siku nyingine usiseme kimekufa kabla hujakipima." Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo, mizani yenu ikigoma kutuma namba, fuateni utaratibu huu:

1. Angalieni kioo. Kikisoma sawasawa, tatizo huenda liko mbele ya bodi: waya, mpangilio au kompyuta.
2. Ulizeni kimebadilika nini tangu ilipofanya kazi mara ya mwisho.
3. Zimeni vyote kabla ya kuchomoa au kuchomeka waya.
4. Jaribuni waya na kompyuta bila mizani, kama tulivyofanya.
5. Skrini tupu, kagueni waya kwanza. Alama zisizosomeka, kagueni kasi kwanza.
6. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, na mwandike mlichobadilisha.
7. Msivunje lakiri. Ikifika hapo, iteni Wakala wa Vipimo.
8. Malizeni kwa jiwe la uzito unaojulikana, mbele ya wakulima.

Na karani, bandika ukutani leo hii karatasi yenye kasi ya mizani yako na aina ya waya wake. Panya hawatoi taarifa.

Tukutane shambani.