Mierebi ya Somerset

Kusini magharibi ya Uingereza iko nchi tambarare iitwayo Somerset Levels. Ni nchi ya chini mno, na mito yake hufurika mara kwa mara wakati wa baridi. Katika majira ya baridi ya 2013 na 2014 maji yalikizunguka kijiji cha Muchelney kikawa kama kisiwa, na watu wakavuka kwa mashua. Mgeni angedhani kwamba ardhi ya namna hiyo haina faida. Wenyeji hawakuiacha, bali waliipanda mierebi, kwa kuwa mti huu hupenda unyevu, na mafuriko huukuta umekwisha kupukutisha majani.

Mwerebi haupandwi kwa mbegu. Mkulima hukata vipande vya fito, kadiri ya inchi 12, akavichomeka ardhini mwanzo wa masika kama apandavyo muhogo, akiacha macho machache juu ya udongo. Kazi kubwa ya mwaka wa kwanza ni palizi, maana magugu huishinda miche iliyo michanga. Kila mwaka, majani yaishapo kuanguka, fito zote hukatwa karibu na ardhi, na kisiki huchipua tena. Mavuno kamili hupatikana tangu mwaka wa tatu, na shamba lililotunzwa vema hudumu miaka 20 au zaidi.

Fito zikichemshwa saa nyingi pamoja na maganda yake, rangi ya ganda huingia katika mti, nazo zikimenywa huwa za hudhurungi. Zikisimamishwa majini hata masika, kisha zikamenywa, huwa nyeupe.

Zamani kazi hii ililisha nyumba nyingi. Katika Vita Kuu zote mbili jeshi lilihitaji vikapu: vya kuchukulia risasi za mizinga, na baadaye vya kuangushia vifaa kwa miavuli kutoka katika ndege. Lakini tangu miaka ya 1950 plastiki na maboksi ya karatasi yaliteka soko, na mashamba mengi yakang'olewa. Wakulima wachache waliobaki walitafuta wanunuzi wapya. Leo fito zao husukwa vikapu vya kubebea watu chini ya baluni kubwa, hata majeneza, na nyingine huchomwa kuwa makaa ya kuchorea picha.

Wenye bustani ndogo nao huupanda, wakachomeka fito mbichi kwa safu na kuzisuka, zikawa ua ulio hai. Lakini mwenye busara haupandi karibu na nyumba wala mabomba ya maji machafu, kwa kuwa mizizi yake hufuata maji popote yalipo, ikaingia katika nyufa na kuziba njia. Mti ule ule uliao faida kinamasini huwa hasara mlangoni; basi apandaye na achague mahali kwanza.