Nembo ya Mke Mwenza

Jamani, Subaru ya mume wangu ilikuwa mke mwenza. Kila Jumapili yuko na wenzake wa kilabu ya magari, mimi na mtoto tunaangaliana. Halafu asubuhi moja, chapati mdomoni, ananiambia: "Mama Neema, si unachora? Tufanyie nembo. Tunataka moto, radi na ekzosi mbili." Bure, bila shaka.

Uchoraji ndio kazi yangu, na wateja hulipa. Hata hivyo nikachora walichotaka, nikakipunguza kikawa saizi ya kizibo cha soda, maana nembo huishia kwenye stika. Moto na radi vikageuka doa. Akanuna.

"Na hizo nyota sita mbele ya gari lako, unazijua?" Hakujua. Miaka minne anazisugua! Subaru ni jina la Kijapani la Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho bibi yangu alikitazama kujua msimu wa kulima. Kuzinakili haikuwezekana, ni alama ya kampuni. Nikachora usukani, jembe likipita katikati.

Usiku ule wa Novemba umeme ulikatika. Tukatoka uani, nikamwonyesha Kilimia juu ya paa la jirani. Tukakaa hapo, tukiongea, mpaka mtoto akasinzia mapajani mwake.

Nembo ilipita, ingawa mmoja wao bado analilia moto wake. Jumapili hiyo mume wangu alirudi saa nane mchana, na hela yangu ya kazi. Nusu.