Video Yangu Ilimkosesha Mtu Alama

Jumatatu nilipata ujumbe kwa inboksi kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: "Bro, niliangalia video yako usiku kabla ya CAT. Nimepoteza alama nne." Akatuma na picha ya karatasi. Kalamu nyekundu imekata maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno.

Nilikuwa nimesema hivi: kama hakuna chaji ndani ya boksi, basi uga wa umeme kwenye kuta za boksi ni sufuri. Nilisema kwa ujasiri, na muziki chini. Ni uongo.

Sheria ya Gauss inasema jumla ya flaksi inayotoka kwenye boksi lililofungwa ni sawa na chaji iliyo ndani, ukiigawanya kwa ile epsiloni, 8.85 × 10⁻¹². Jumla. Kinachotoka unakihesabu chanya, kinachoingia hasi. Sasa weka chaji nje ya boksi. Mistari ya uga inaingia upande huu, inatokea ule mwingine, jumla sufuri. Lakini uga wenyewe upo, ukutani na ndani pia. Weka elektroni pale uone kama haitasukumwa.

Fikiria tenga ndani ya mto. Maji yanayoingia ni sawa na yanayotoka, lakini nani atakuambia mto umesimama? Ili yatoke mengi kuliko yanayoingia, lazima kuwe na mfereji umefunguliwa ndani ya tenga. Huo mfereji ndio chaji ya ndani.

Kilichonidanganya ni mifano ya darasani. Tufe, silinda ndefu, bati pana: kwa hayo uga unalingana vizuri kiasi kwamba ukishajua flaksi, uga umeupata. Nikadhani hiyo ndiyo sheria yenyewe, kumbe ni bahati ya umbo tu.

Marafiki waliniambia, futa tu, watu husahau. Lakini nikifuta, walioiandika kwenye daftari si wanabaki nayo? Nimeiacha, na marekebisho nimeyabandika juu kabisa.

Yule kijana nilimpigia, nikaomba msamaha, tukafanya swali moja pamoja: chaji iko kwenye kona ya mchemraba, ni kiasi gani cha flaksi yake kinapita mchemraba huo? Nilikuwa bado nachora michemraba ya kuizunguka hiyo kona. Yeye akasema, "Si ni moja ya nane?"