Safari ya Butiama Katika Mwaka wa Korona

Mwezi wa Mei, 2020, nilitoka Bunda asubuhi kwa basi kwenda Musoma. Dada yangu alikuwa amenipigia simu, akasema: "Kaka, njoo umwone mpwa wako. Hali, halali, wala hasemi."

Mimi mwenyewe sikuwa mzima moyoni. Tangu tarehe 16 Machi, alipotangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, usingizi ulikuwa umenipaa. Mimi si mwanamichezo. Kazi yangu ni kalamu na vitabu vya parokia. Lakini watu walipoogopa kuja ofisini siku zote zilifanana, hata kunyoa ndevu nikaona ni kazi bure.

Tukapita Kiabakari penye mawe makubwa, tukafika Makutano, na baadaye tukaliona ziwa. Pale Mwigobero wauza samaki walikuwa wakinawa mikono kwenye ndoo. Uwanja wa Karume ulikuwa kimya. Ligi Kuu ilikuwa imesimamishwa, na Biashara United, timu ya Musoma, haikuwa na mchezo.

Mpwa wangu alikuwa kidato cha nne, mkimbiaji wa mita 1500. Shule zilifungwa mwezi ule wa Machi, na mashindano ya UMISSETA aliyoyangojea yakapotea. Nilimkuta amelala, ameelekea ukutani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona viatu vyako vimejaa vumbi?"

"Nikimbie kwa ajili ya nani, mjomba? Mashindano hakuna. Mimi si kitu tena."

Neno hilo lilinichoma, kwani ndilo nililokuwa nikijiambia mwenyewe kila usiku.

Kesho yake tukaenda Butiama kwa babu yake. Mji wake hauko mbali na Mwitongo, alipozikwa Mwalimu Nyerere. Chini ya mti palikuwa na bao, lakini wachezaji hawakuwapo. Wazee wenzake walikuwa wamejifungia kwa hofu. Tukanawa mikono, tukakaa mbali naye kidogo. Mzee akamsikiliza kijana mpaka mwisho, bila kumkemea. Kisha akasema:

"Mjukuu wangu, Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia katika mita 1500 hizo hizo zako, mwaka 1974. Mwaka 1976 nchi yetu, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilikataa kwenda Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Bayi akangoja miaka minne. Mwaka 1980, kule Moscow, akapata medali ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Na Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita hapa hapa kwetu, akapata fedha ya mita 5000. Wewe umengoja miezi miwili. Kesho alfajiri utakimbia mpaka kisimani na kurudi, ndipo unywe uji. Jioni utanichezesha bao. Nami nimechoka kukaa peke yangu. Bao halichezwi na mtu mmoja."

Kisha akanigeukia: "Na wewe, karani, miguu yako ina kazi gani?"

Nikacheka, lakini nilielewa. Siku ya tatu kijana aliomba chakula mwenyewe. Nami niliporudi Bunda nikaanza kutembea nusu saa kila alfajiri, siku tano kwa juma. Hizo ni dakika 150, kipimo kile kile ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima. Usingizi ukarudi polepole.

Ligi ilianza tena tarehe 13 Juni, na shule zikafunguliwa tarehe 29. Mpwa wangu hakupata kuwa bingwa, lakini alirudi darasani na viatu vyake vimefutwa vumbi.

Mwaka 2022 Shirika hilo lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona, maradhi ya wasiwasi na ya huzuni nzito, iitwayo sonona, yaliongezeka duniani kwa asilimia 25. Kumbe hatukuwa peke yetu, mkimbiaji wala karani.

Basi, wazazi, kijana akigeukia ukuta msimwite mvivu. Msikilizeni, mpeni kazi ya alfajiri na mwenzi wa jioni. Na akisema amechoka kuishi, msingoje kesho. Msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.