Khayega, na Bahari ya Siku za Hidaya

Khayega ni soko lililoshikamana na barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kakamega. Pale inapochepuka njia ya Shinyalu kuelekea msituni, ndipo yanapokutana maduka, matatu, ndizi na miwa, na udongo wake ni mwekundu kiasi kwamba kanzu nyeupe haimalizi asubuhi moja. Mji uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kutoka Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Hata maji yake hayana undugu na yetu: mvua inyeshayo huko huteremka kwa mito ya Yala na Isiukhu mpaka ziwa Victoria, kisha ikashika njia ya Naili hadi Misri. Mwenye kutafuta mahali pa kuisahau bahari, pale panamfaa. Sisi hatukujaliwa kuisahau hata siku moja.

Tulifika Jumatano tarehe 1 Mei 2024, mwezi 22 Shawwal 1445, kwa ajili ya harusi. Na Shawwal, kama mjuavyo, ni mwezi ambao wengi wetu hupenda kuozesha. Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito nchi nzima. Siku mbili kabla ya kufika kwetu, maji yalikuwa yameshuka Mai Mahiu usiku yakaua makumi ya watu, na ndani ya basi hapakuwa na mazungumzo mengine. Mwenyeji wetu ni Mwisukha, mwalimu mstaafu, na binti yake mkubwa ameolewa na mpwa wetu huko Shanzu. Katika likizo ya Aprili alikuwa amewapeleka wajukuu wake wawili, wa miaka tisa na kumi na miwili, kwa shangazi yao huyo ili waione bahari kwa mara ya kwanza. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, zikasogezwa hadi tarehe 6 Mei kwa sababu ya mafuriko, na Ijumaa tarehe 3 Rais akatangaza kwamba hazitafunguliwa mpaka itolewe habari nyingine. Basi watoto wakabaki ufukweni, na redioni kila saa likawa latajwa jina la kimbunga Hidaya.

Jina zuri, hidaya, kwa jambo ambalo hakuna aliyeomba atunukiwe.

Watu wa pwani ya Kenya hatukuzoea vimbunga, na iko sababu. Kimbunga hupata mzunguko wake kutokana na kule kuzunguka kwa dunia yenyewe, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni dhaifu. Mombasa iko digrii 4 tu kusini ya mstari huo. Hata hivyo si jambo lisilopata kutokea katika bahari yetu. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaing'oa mikarafuu yake mingi, na mwaka 1952 kikapiga Lindi. Kwa hiyo mzee wa Khayega hakuwa na hofu ya bure. Kila asubuhi, chai ikiwa mezani, alitutazama na kuuliza, "Shekhe, bahari yenu ikoje leo?"

Tulimjibu kwa kalenda. Ukutani pake imetundikwa kalenda ya msikiti, yenye tarehe za Kiislamu pembeni ya zile nyingine, naye kwa miaka yote alikuwa akiitumia kwa Ramadhani na sikukuu tu. Tukamwonyesha kwamba kalenda hiyo ndiyo pia saa ya bahari. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu tarehe 14 na 15, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita tatu na zaidi. Tarehe 7 au 8, na 22 au 23, mvuto huo hukatana, yakaja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Saa nazo zina utaratibu wake. Siku za bamvua Mombasa maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kuelekea saa nne. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa saa nne au saa tano. Mama aliye Kisauni au Kilifi akijua leo ni mwezi ngapi, anajua bahari iko wapi kabla hajafungua dirisha. Bibi zetu walilijua hili vizuri kuliko mabinti zetu wenye simu mkononi, na hilo twalisema kwa masikitiko kidogo.

Alhamisi, basi, ilikuwa mwezi 23, maji mafu yenyewe. Tulipiga simu Shanzu, shangazi mtu akasema bahari imelala, kusi bado changa, watoto wanachezea ukingoni. Khayega nako kulikucha kweupe, na baada ya alasiri ngurumo zikaanza upande wa Nandi, ikashuka mvua ya mawe juu ya mabati hata hatukusikiana. Ndivyo ilivyo huko takriban kila siku ya masika: upepo wa ziwani hupanda mchana, ukakutana na ule utokao mashariki, na jioni mbingu hufunguka. Mzee akacheka kutuona tumeshtuka. Kila mtu na tufani aliyoizoea.

Ijumaa baada ya nikahi habari zikabadilika. Upepo ulikuwa umeshika nguvu, na usiku ngurumo za mwambani zilisikika mpaka ndani ya nyumba. Serikali ikaagiza uvuvi, kuogelea na shughuli za ufukweni zisimame kwa muda.

Jumamosi alfajiri, tukiwa bado kwenye mkeka, ngoma za isukuti zilianza kulia mbali, zikiwasindikiza mafahali kwenda kupiganishwa kiwanjani. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho UNESCO iliitia mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na mlio wake, tuseme kweli, huingia kifuani. Mafahali hatukwenda kuwatazama. Kupiganisha wanyama hakumo katika yanayoruhusiwa kwetu, na mwenyeji wetu alilijua hilo kabla hatujafungua kinywa. Tulikaa naye redioni. Siku ile Hidaya ilitua Mafia, ikapoteza nguvu haraka, lakini mvua yake iliikata barabara ya kusini kule Kilwa.

Adhuhuri tukapata simu. Mawimbi yalikuwa yanauvuka mwamba na kufika mchangani, mwani umelundikana hadi magotini, ngalawa zimevutwa hadi chini ya minazi. Lakini maji hayakufika kwenye kuta za nyumba. Tulimweleza mzee kwa nini: siku kama ile maji yakijaa husimama takriban mita moja chini ya yale ya bamvua, kwa hivyo dhoruba ilikuja na kukuta nafasi tupu ya kujaza. Lau Hidaya ingalifika siku tano tu baadaye, mwezi ukiandama, wimbi lile lile lingepanda juu ya mgongo wa bamvua. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi tumehurumiwa kwa tarehe."

Siku iliyotutia wasiwasi zaidi ni Jumapili. Jua lilitoka Shanzu, upepo ukatua, na yule mdogo akaomba kuogelea kwa kuwa kimbunga kimekwisha. Upepo hutulia kwa saa chache, lakini wimbi lililokwisha kuzaliwa mbali huendelea kusafiri siku mbili au tatu baada ya upepo wake kufa. Na maji yanayorushwa ndani ya mwamba na mawimbi lazima yarudi. Hayarudi juu ya mwamba yalikotoka, hutafuta mlango, ule upenyo wa kupitisha vyombo, yakatoka humo kwa mkondo ambao muogeleaji hodari hashindani nao. Mbaya zaidi, mlangoni wimbi halipasuki, uso wa maji ni laini, na mgeni hudhani hapo ndipo penye usalama. Aliyekamatwa asipigane kurudi moja kwa moja. Aogelee kuufuata ufuo mpaka mkondo umwachie, au aelee na kuinua mkono. Malindi ni habari nyingine, kwa kuwa matope ya Sabaki hayakuuacha mwamba ukue mbele ya ghuba yake, na wimbi huja mpaka ufukoni bila kizuizi.

Mzee alitaka kuzungumza na mwanawe mwenyewe. Tulimsikia akimwambia kwa Kiisukha maneno mengi, na katikati ya maneno hayo likasikika wazi neno moja la Kiswahili: mlango. Shangazi mtu hakuwaruhusu. Yule mkubwa alilia, tukaambiwa, kwa kuona haya kuliko kwa kutaka maji.

Kabla ya kulala mzee alichukua kalamu akaizungushia kalenda yake: duara mwezi 29, duara mwezi 14 wa Dhulqaada, na mistari miwili kwenye tarehe 7 na 22. Akauliza kama watoto waletwe nyumbani kabla ya bamvua. Tukamwambia waachwe, ila wasiufuate mwamba maji yakipwa, kwa kuwa bamvua hurudi kwa kujaza kwanza vijito vya nyuma, na mtoto aliyeinamia kombe hugutuka akiwa kisiwani.

Jumatatu, mwezi 27, tulikuwa tunafunga mizigo. Saa tatu asubuhi simu ya mzee ikalia. Alikuwa yule wa miaka tisa, amesimama mchangani kashikwa mkono na shangazi yake.

"Babu," alisema, "bahari imeondoka."

"Imekwenda wapi?" akauliza mzee, kisha akatupa sisi simu.