Vua Chupa Jina Kwanza, Halafu Uniambie Ni Tamu

Unaijua ile chupa inayoletwa na cheche. Ijumaa usiku, klabu yoyote ya Westlands ama Kilimani, maweita watatu wanapasua watu katikati, mmoja ameiinua juu kama kombe, moto unaruka, DJ anataja meza. Simu zote zinatoka. Lebo inaangaliwa na kamera. Dakika kumi baadaye hiyo wiski imezamishwa kwa kola na barafu mpaka huwezi kuitofautisha na soda ya jana, na wasee wanaimeza kama dawa ya minyoo: macho yamefungwa, sura imekunjwa.

Mtu akitumia pesa zake ni sawa, mimi si mamake. Kinachonishangaza ni kwamba usiku mzima hakuna hata mmoja ameuliza swali la kwanza kabisa: je, ni tamu? Tumeigeuza wiski kuwa kitambulisho. Unaionyesha, watu wanakusoma, unairudisha mfukoni. Na mimi wiski naipenda, kwa hivyo hii kitu inaniuma kidogo.

(Kama hujafika 18, hii ni ya kusoma tu. Sheria ndiyo imesema, na hizo chupa haziendi mahali.)

Sasa, kwetu ubishi wa nani anajua wiski ulikuwa umezidi, tukaamua kuumaliza kisayansi. Jumapili mchana, kwangu, tumeshakula pilau. Wanne wa kuonja na dada mmoja ambaye hanywi kabisa, yeye tukamfanya refa. Chupa sita, kila moja akaivalisha soksi (zimefuliwa, tulieni), akamimina kijiko kimoja kimoja kwenye glasi zenye namba. Maji pembeni. Hakuna soda, hakuna barafu. Unanusa, unaonja, unaandika, hakuna kuongea.

Chupa zenyewe: Glenfiddich 12, Laphroaig 10, Johnnie Walker Black Label, Maker's Mark, Bulleit, na single malt moja ya miaka 18 ambayo sitaitaja, manake mwenyewe aliileta amekumbatia mkoba kama mtoto mchanga na sitaki kumharibia jina.

Tuanze na single malt kwa sababu hapo ndipo watu hudanganyana zaidi. Wengi hudhani "single" ni kwamba wiski ilitoka pipa moja. La. Ni kiwanda kimoja. Shayiri iliyooteshwa ikawa kimea, maji, hamira, basi. Halafu sheria ya Scotland inataka ikae kwa pipa la mwaloni si chini ya miaka 3, hukohuko Scotland, na iingie chupani ikiwa na kilevi si chini ya asilimia 40. Kimea si kitu kigeni kwetu. Uliza yeyote aliyekulia karibu na busaa.

Glenfiddich inatoka mji wa Dufftown, kiwanda cha William Grant, na wiski yao ya kwanza ilitiririka Krismasi ya 1887. Ukiinusa polepole unapata peasi, tofaa la kijani, asali kwa mbali. Ni wiski yenye adabu. Inabisha hodi na kungoja ukaribishe.

Laphroaig haibishi. Inaingia na viatu. Hiyo ni ya Islay, kisiwa cha magharibi mwa Scotland, ambako kimea hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo mweusi wa kinamasi uliokatwa na kukaushwa mpaka ukashika moto kama kuni. Huo moshi unabaki kwa nafaka, unabaki kwa pombe, unabaki kwa pipa, na ukionja kesho yake unabaki kwa shati. Refa wetu, ambaye hajawahi kuonja pombe maishani, alinusa mara moja tu akasema, "Hii ni zahanati." Na ni kweli kabisa! Bandeji, ile dawa ya kahawia ya vidonda, upepo wa bahari. Lakini jamaa yetu wa Bomet alikaa na hiyo glasi muda mrefu, kisha akaandika maneno mawili: "kibuyu, kogo." Kogo ni nyanya yake, na kibuyu ni cha mursik, kile kinachosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti kabla maziwa hayajatiwa. Hapo nikajua hatuhitaji kuazima maneno ya wazungu kuelezea wiski. Wao wanaandika keki ya matunda na koti la ngozi. Sisi tuko na mursik, samaki wa moshi, mahindi ya kuchoma pale stejini, jiko la kuni asubuhi ya mvua. Mtoto wa Bomet anaielewa Islay kuliko nusu ya watu wanaolipwa kuiandika.

Bourbon sasa. Hii ni ya Marekani, na sheria yao inataka angalau asilimia 51 ya nafaka iwe mahindi. Mahindi, jamani! Ni kama unga wa ugali ulipata visa. Watu hufikiri lazima itoke Kentucky. Nyingi hutoka huko, lakini inaweza kutengenezwa popote Marekani. Kinachoipa tabia ni pipa: lazima liwe jipya, la mwaloni, limechomwa ndani mpaka likawa mkaa. Mti ukiungua hivyo sukari yake inatoka, ndiyo maana bourbon inanukia vanila, karameli, na kwangu mimi kabisa, sukari nguru.

Na hapa kuna kitu napenda sana kuwaambia watu. Kwa sababu bourbon inadai pipa jipya kila mara, viwanda vya Marekani hubaki na mlima wa mapipa yaliyotumika, na Scotland huyanunua. Sehemu kubwa ya wiski ya Scotland hukomaa kwenye mapipa yaliyotoa bourbon. Kwa hivyo yule msee anayekuambia kwa madharau, "Mimi ni Scotch tu, bourbon ni ya washamba," mwambie pole pole kwamba Scotch yake imevaa mitumba.

Kati ya zile mbili tulizoonja, Maker's Mark hutumia ngano pale ambapo bourbon nyingi hutia rai, ndugu mkali wa ngano. Matokeo ni ulaini: mandazi yenye iliki, bado yana joto. Bulleit imejaa rai, na inakuja na pilipili manga na mdalasini, inakukwaruza koo kidogo kama chai ya tangawizi ya mtu aliyekasirika. Mimi Maker's niliiweka ya kwanza bila kujua ni nini. Ningeiweka tena kesho.

Jack Daniel's haikuwa mezani, lakini kila nikisema bourbon kuna mtu huitaja. Hiyo hujiita wiski ya Tennessee, manake hupitishwa polepole kwenye mkaa wa mti kabla ya kuingia pipani. Na ukiinywa, jua jina hili: Nathan "Nearest" Green. Alikuwa mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, na ndiye aliyemfundisha kijana Jack Daniel kazi ya kutengeneza wiski. Kampuni ilianza kulisema hilo kwa sauti mwaka wa 2016, miaka mia moja na ushee baada ya wote wawili kufa.

Haya, soksi zikavuliwa.

Jamaa wetu wa "mi hunywa single malt pekee" alikuwa ameipa Black Label namba moja. Black Label ni mchanganyiko wa wiski za viwanda vingi, ile aliyoita ya mjomba wa kijijini. Aliangalia soksi kama imemsaliti. Ile ya miaka 18 haikuwekwa ya kwanza na mtu yeyote. Wawili waliiweka ya tatu, mmoja ya mwisho. Mwenyewe aliiweka ya nne. Alinyamaza kama dakika mbili hivi, kisha akaomba pilau iliyobaki.

Si kwamba ilikuwa mbaya. Ilikuwa laini sana, zabibu kavu, mbao nyingi, kama kufungua kabati la zamani. Ni vile tu si kila ulimi unataka kabati. Namba kwa lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo ndani, na umri huo ni muda wa kuongea na pipa tu. Scotland hupoteza kama asilimia 2 kila mwaka kupitia mbao za pipa, wenyewe wanaita fungu la malaika, kwa hivyo baada ya miaka 18 kilichobaki ni kidogo na kila lita imekalia ghala miaka hiyo yote. Hiyo ndiyo unalipia. Utamu hauna bei ya namna hiyo. Kentucky kuna joto kali la kiangazi, pipa hufanya kazi haraka zaidi, na bourbon ikikaa sana inaanza kuwa chungu ya mbao. Rangi nayo usiiamini: Scotland inaruhusiwa kutia karameli ya rangi.

Kitu kingine kinachonikera ni vile tunacheka chang'aa huku tukipigia wiski magoti. Kazi ya msingi ni ileile: chachusha, chemsha, kamata mvuke, upoze. Waskoti wenyewe walikuwa wanapika kwa kujificha milimani mpaka sheria ya 1823 ikafanya leseni kuwa rahisi. George Smith wa Glenlivet alichukua yake 1824, na majirani waliokuwa bado wanapika kimagendo walimtisha hadi akawa anatembea na bastola. Baadaye leseni, vipimo na ghala vikaifanya ile pombe ya kujificha kuwa fahari ya nchi. Hapa kwetu chang'aa iliruhusiwa na sheria ya 2010 kwa masharti, lakini nyingi bado inauzwa bila mtu wa kuipima, na Februari 2024 kule Kirinyaga watu 17 walikufa kwa pombe mbaya. Hao hawakufa kwa ushamba. Na usidhani jina kubwa linakukinga, manake chupa tupu za majina makubwa ziko na soko lake. Pakua apu ya Soma Label ya KRA, kagua stempu. Chupa ikifika mezani tayari imefunguliwa, irudishe hata kama cheche zinawaka.

Lakini iliyonifanya niandike haya yote ni ruracio ya binamu yangu.

Orodha ililetwa mapema: mbuzi, blanketi, sufuria, na chupa mbili za wiski, jina limetajwa, miaka 18 imetajwa. Jamaa ana kazi, lakini ni kazi ya hivi hivi. Alikopa kwa apu ya simu, ile riba unaijua. Siku ikafika, chupa moja ikafunguliwa, na mbele ya macho yangu wazee wakaichanganya na soda ya machungwa. Binamu alikuwa anatabasamu kwa meno tu.

Mimi nilikuwa nimebeba kachupa kadogo, Laphroaig iliyobaki. Nikaenda nikapiga goti karibu na Guka, ndiye mkubwa pale kwa upande wa bibi harusi.

"Guka, hebu nusa hii."

Akanusa. Akafunga macho. "Hii ni jiko la cucu wako, kuni zikiwa mbichi." Akaionja pole pole, bila soda, akairamba midomo. "Hii imetoka wapi?"

"Kisiwani, Guka, kule Scotland. Na haifiki bei ya ile ya mezani hata nusu."

"Kwani ile ya mezani ni pesa ngapi?"

Nikamwambia. Aliweka glasi chini.

"Sisi tulisema kinywaji cha wazee," akasema. "Nani aliandika hayo majina?"

Hakuna aliyejibu. Lakini nilimwona kaka wa bibi harusi, kijana wa rika letu, suti imembana, akiangalia viatu vyake. Yeye ndiye alikuwa ameishika kalamu.

Mimi siku hizi Maker's ndiyo ya jioni ya kawaida, toti moja na matone ya maji. Glenfiddich ya wageni. Laphroaig ya mvua. Black Label nikiwa na watu wengi na sitaki ubishi. Zote nne ukiziweka pamoja hazifiki zile chupa mbili za ruracio.

Binamu amebakisha miezi miwili kumaliza mkopo. Ile chupa ya pili haijawahi kufunguliwa. Iko kwa kabati ya kioo sebuleni kwa wakwe zake, lebo inaangalia mlangoni.