Nyanya za Chini ya Tenga

Kama umepata kupita katika soko la mboga jua linapotua, bila shaka umeziona nyanya zinazomwagwa nyuma ya mabanda. Wengi hudhani zote zimeoza. Sivyo. Tenga hushindiliwa shambani, husafiri usiku kucha juu ya lori, na nyanya za chini hubeba uzito wa zote. Zikifika zimepasuka, mnunuzi hazitaki. Ufa mdogo tu, na chakula kimegeuka takataka.

Mama yangu alizijua sana nyanya hizo. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi alikuwa akinichukua jioni kwenda kuziokota, naye akitangulia na kikapu chake. Mimi nilitembea hatua ishirini nyuma, ili wenzangu wa shule wasitambue kuwa tu pamoja. Hakupata kunisema kwa hilo, na ndilo linaloniuma hadi leo.

Aibu ile ilinirudia niliposoma habari za John van Hengel, aliyejitolea katika jiko la kulisha maskini mjini Phoenix, Marekani. Huko machungwa yalikuwa yakiiva na kuanguka bila ya mtu kuyataka. Yeye akayachuma na kuwapelekea wenye njaa. Kisha akakutana na mama mmoja aliyewalisha wanawe kumi kwa kuokota vyakula mapipani nyuma ya duka. Mama huyo hakujificha. Alimwambia kuwa ingefaa pawe na mahali kama benki, wenye ziada waweke, wenye shida wachukue. Mwaka 1967, kwa msaada wa parokia ya St. Mary, mahali hapo pakafunguliwa, na leo benki za chakula zimeenea katika nchi nyingi. Jina la van Hengel limeandikwa. La mama yule sikulikuta.

Jumamosi iliyopita nilirudi sokoni. Nilimwomba mchuuzi nyanya zake za chini. Akanitazama viatu, akacheka, kisha akanipa nusu tenga. Zilizooza nikazitupa, zilizosalia nikazipeleka kwenye kituo cha watoto yatima mtaani kwetu, na mpishi akazibandika jikoni papo hapo.

Majirani wawili wamekubali kufuatana nami wiki hii, na mmoja ana mkokoteni. Mama, ambaye sasa ni mzee, ametuonya tusiende kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa kuwa wachuuzi huwa bado wana matumaini ya kuuza.